Barua kwa Mjomba: Nyongeza imekuja, mbona mfuko ni uleule?

Haya jamani, 2026 hiyo, na sanduku la Mjomba limefurika kama kila Januari, manake huku Marekani mwaka ukigeuka na namba zinageuka, za Social Security, ile pensheni ya serikali, za Medicare, ile bima ya afya ya wazee, za kodi, wazee wetu wanaletewa karatasi ndefu zenye herufi kama sisimizi wanazikunja wanaziweka juu ya friji wanasubiri kijana apite Jumapili azisome, na kijana akija anakula pilau anaondoka. Nimechagua barua saba. Majina nimeficha. Na kwa mgeni wa safu hii, Mjomba si wakili, ni mtu anayejaza fomu za watu kwenye ukumbi wa kanisa kila Februari mpaka vidole vimeota sugu.

Mjomba habari. Nina miaka 71, nilitunza wazee huku Texas miaka kumi na nane, sasa nimepumzika. Mwaka jana pensheni yangu iliandikwa dola 1,180 kwa mwezi. Kwenye TV wakasema tunaongezwa asilimia 2.8, nikapiga hesabu nikaona dola 33, nikamwahidi mjukuu viatu. Januari naangalia benki, imeongezeka dola 15 tu. Nani kala hizo nyingine? Bibi wa Houston

Shikamoo mama. Kala Medicare. Nyongeza ni ya kweli, umetoka 1,180 ukaenda 1,213, ila kabla hela haijafika benki wanakata ada ya Part B, ile bima ya daktari, na hiyo ada mwaka jana ilikuwa 185 kwa mwezi, mwaka huu ni 202.90. Toa mwenyewe: mwaka jana ulibaki na 995, mwaka huu 1,010 na senti ambazo wanazikata hawakupi. Kumi na tano hiyo hapo. Na siku ukienda kwa daktari utakuta ile hela ya mwanzo unayotoa mfukoni kabla Part B haijaanza kulipa nayo imepanda, ilikuwa 257 kwa mwaka sasa ni 283.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, hii asilimia 2.8 haipimwi kwa maisha ya mzee. Wanachukua bei za miezi ya Julai, Agosti na Septemba wanazilinganisha na miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia, na kikapu wanachokitumia ni cha watu walioajiriwa mjini, watu wa petroli na chakula cha mchana kazini, sio mtu ambaye hela yake inaishia hospitali na famasi. Ndo maana 2023 mlipata asilimia 8.7 mkashangilia, bei zilikuwa zimewaka, halafu 2024 ikawa 3.2, 2025 ikawa 2.5.

Kuna kinga moja ndogo: Part B ikipanda kuliko dola za nyongeza yako, kwa wengi wanaokatwa kwenye Social Security yenyewe sheria inazuia cheki isishuke chini ya mwaka jana. Ada imepanda dola 17.90, kwa hiyo kinga inamgusa mwenye pensheni ya chini ya kama dola 640, wewe umeipita.

Sasa usifunge gazeti mama, hapa ndo penye viatu vya mjukuu. Jimbo lako lina mpango wa kumlipia mzee mwenye kipato kidogo hiyo Part B, unaitwa Medicare Savings Program, unaombwa ofisi ya Medicaid ya jimbo, ile bima ya wenye kipato kidogo, sio Social Security. Mwaka jana mtu mmoja aliweza kuingia ngazi mojawapo ya huo mpango akiwa na kipato cha mpaka 1,781 kwa mwezi, na akiba isiyozidi 9,660, nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Vikomo vipya vinatoka mapema kila mwaka na huwa vinapanda kidogo. Kwa 1,213 yako uko ndani kabisa, ukiwa huna akiba kubwa. Ukikubaliwa ile 202.90 inabaki kwako kila mwezi, na msaada wa dawa unaoitwa Extra Help unakuja wenyewe bila kuomba mara ya pili. Nimeona wamama wanakatwa miaka sita hawajawahi kuambiwa, na wako kwenye foleni ya ofisi hiyohiyo wakiomba kitu kingine.

Jambo Mjomba. Mimi niko mutoto wa Uvira, tuko Kentucky tangu 2021, tulikuja na mama kama wakimbizi. Mama ana miaka 69, anapataka SSI. Bamama ba kanisa wako na likelemba, kila mwezi mmoja anakamata. Mwezi wa kumi na moja ilikuwa zamu ya mama, wakamutia dola 3,000 kwa konti yake ya benki, alitaka kujengea kaburi ya baba. Sasa barua imefika, wanasema mwezi wa kumi na mbili hakustahili, arudishe pesa. Na tena ako na kiwanja kule kwetu kwa jina yake. Tufanye nini? Kaka wa Louisville

Pole sana kaka, na mpe mama pole. Hii barua nimeisoma mara tatu manake hili jambo linaniuma miaka yote.

SSI sio pensheni ya kazi, ni hela ya mzee au mlemavu asiye na kitu, na serikali inapima "asiye na kitu" kwa namba mbili. Namba ya kwanza inatembea, ile ya malipo: mwaka jana mtu mmoja alipata mpaka 967, mwaka huu mpaka 994, mke na mume 1,491. Namba ya pili imelala. Mali unayoruhusiwa kuwa nayo ni dola 2,000 mtu mmoja, 3,000 wawili, na imekaa hapohapo tangu 1989, mimi nilikuwa bado navaa kaptula ya shule. Ingekuwa inapanda na bei kama wenzake leo ingekuwa imepita 5,000. Kwa hiyo kila Januari wanamwongezea mama vidola, na palepale wanamwambia usije ukaviweka.

Na jinsi wanavyopima ndo mtego wenyewe. Wanaangalia una nini pale mwezi unapoanza, tarehe moja, alfajiri kabisa. Likelemba ikaingia Novemba, Desemba mosi ikamkuta na zaidi ya 2,000, Desemba yote imekwenda. Hiyo hela ingekuwa imeshatoka Novemba, jiwe la kaburi limenunuliwa na risiti ipo, Desemba isingekuwa na neno upande wa mali. Sisemi mtu aigawe ili aonekane maskini, kumpa binamu hela bure kuna adhabu yake inaweza kufika miezi 36, nasema kununua kitu cha kweli kwa bei ya kweli. Na habari ya kaburi yenyewe sheria inaiheshimu: eneo la kuzikia na jiwe la kaburi, la mtu mwenyewe au la mume wake, havihesabiwi kama mali, na juu yake anaweza kutenga mpaka 1,500 ya mazishi yake, ikae peke yake na iandikwe kuwa ni ya mazishi, isichanganywe na hela ya sukari.

Sasa cha kufanya wiki hii, sio wiki ijayo. Angalia tarehe ya barua. Mna siku 60 za kukata rufaa, lakini mkiomba ndani ya siku 10 za mwanzo mnaweza kuzuia wasianze kukata huku rufaa inasikilizwa. Mwelezeni yule ofisa likelemba ni nini, taratibu, kwamba zile 3,000 sio zawadi wala mshahara, mama alikuwa anatoa kila mwezi kutoka kwenye hela yake na mwezi huo ameokota alichopanda, na kama bamama wana daftari la majina na tarehe lipeleke, hata kama limeandikwa kwa kalamu ya risasi lina mafuta ya maandazi. Halafu kuna fomu ya kuomba deni lisamehewe, SSA-632, hiyo haina tarehe ya mwisho, unaonyesha mama hakuwa na kosa na kurudisha kutamnyima mahitaji. Na wakikataa vyote kwa kawaida wanakata asilimia 10 ya malipo kwa mwezi, sio yote, hata hiyo unaweza kuomba ipunguzwe. Mkalimani ni bure, wao ndo wanamtafuta. Usimpeleke mtoto wa darasa la saba akatafsiri neno "overpayment", nimeliona hilo, mtoto alimwambia bibi yake wamemzidishia hela kama zawadi.

Kiwanja. Kisifichwe. Nyumba anayoishi haihesabiwi lakini kiwanja cha mbali kinahesabiwa, hata kama kiko ng'ambo ya Tanganyika. Ila mali ambayo mtu hawezi kisheria kuiuza, au amejaribu kweli kuiuza ikashindikana, ina kanuni zake, na kwa hali ya Uvira ilivyokuwa miezi hii mna la kueleza. Lieleze wewe kabla hawajalikuta wao. Mabadiliko yoyote ya SSI yanaripotiwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Mawili ya haraka mama akiwa kwako. Msosi unaompa haupunguzi tena SSI yake, walibadilisha hiyo tangu Septemba 30, 2024, lakini akilala bure malazi bado yanahesabiwa na yanaweza kumla mpaka kama dola 351 kwa mwezi, kwa hiyo alipe mchango wake wa pango na uandike. La pili ni kubwa kuliko likelemba: mkimbizi anapewa SSI miaka saba tu mpaka awe raia. Mlikuja 2021, saba inaisha 2028. Lakini grini kadi ya mkimbizi inarudishwa nyuma mpaka siku aliyotua, maana yake miaka mitano ya kuombea uraia inatimia mwaka huu huu 2026! Kama hajui Kiingereza kwa sababu ya ugonjwa, kusahau, kiharusi, msongo wa vita, daktari anaweza kumjazia fomu N-648 asamehewe mtihani, ambao tangu Oktoba 2025 una maswali 128 ya kusoma na unaulizwa 20. Na kama hata hiyo grini kadi hajaiomba, aiombe leo, kwa sababu kuanzia Oktoba 1, 2026 Medicaid ya serikali kuu haitamhesabu mkimbizi ambaye bado hana grini kadi.

Mjomba, kwenye grupu letu la WhatsApp wamerusha ujumbe kwamba Trump amefuta kodi ya Social Security, kwa hiyo wazee tusijaze fomu za kodi mwaka huu. Nina 68, mjane wa kiume, nilipata Social Security 22,000 mwaka jana na pensheni ya kiwandani 24,000. Nisijaze? Mzee wa Minneapolis

Shikamoo mzee wangu. Jaza. Huo ujumbe nami nimetumiwa na watu wanne, mmoja ni mchungaji.

Kodi haijafutwa. Kilichopitishwa Julai 2025 ni punguzo jipya la dola 6,000 kwa kila aliyefikisha miaka 65, kuanzia mapato ya 2025 mpaka 2028 basi. Mke na mume wote wazee ni 12,000, ila wajaze pamoja. Ni la kwenye mapato yanayotozwa, sio unapewa 6,000 mkononi. Ukipita mapato ya 75,000 peke yako au 150,000 mkiwa wawili linaanza kuyeyuka, senti sita kwa kila dola iliyozidi. Na lazima uwe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, mwenye ITIN, ile namba ya kodi ya asiye na Social Security, hapati.

Tuweke ya kwako mezani. Kujua kama Social Security yako inatozwa kodi wanachukua mapato mengine, 24,000, wanajumlisha nusu ya Social Security, 11,000, unapata 35,000. Mtu wa peke yake akizidi 25,000 sehemu inaanza kutozwa, akizidi 34,000 inaongezeka. Umeivuka ya pili kwa elfu moja. Ukifuata hesabu yao inatoka 5,350 ya Social Security inayoingia kwenye kodi, jumla ya mapato yako inakuwa 29,350. Sasa toa: punguzo la kawaida 15,750, la uzee lile la zamani 2,000, hili jipya 6,000. Kinachobaki ni 5,600, kodi asilimia 10, dola 560. Bila hili jipya ungelipa 1,160. Mia sita umeokoa, si haba, lakini usipojaza utakuja kudaiwa hiyo 560 na faini juu yake.

Na hapa tena kuna zile namba zilizolala. Hiyo 25,000 imeanza kutumika 1984, ile 34,000 imewekwa na sheria ya 1993, hakuna hata moja iliyosogea. Wakati inawekwa 25,000 ilikuwa hela ya mtu mwenye nafasi yake, wazee wachache sana waliguswa. Leo kila nyongeza mnayopewa Januari inawasukuma wengine juu ya huo mstari, yaani serikali inakupa kwa mkono wa kulia kwa sababu bei zimepanda halafu wa kushoto unajifanya haujasikia kama bei zimepanda. Minnesota nao ni kati ya majimbo machache yanayotoza Social Security, lakini kwa kipato chako hawakufikii.

Usilipe mtu dola 300 kujaziwa fomu hii. Maktaba na makanisa mengi yana vituo vya bure vya VITA na TCE, hicho cha pili ni cha wazee hasa. Nenda na ile karatasi ya SSA-1099 iliyokuja Januari, ya pensheni, na kitambulisho. Mwisho ni Aprili 15.

Nina 63. Nilichukua Social Security Juni mwaka jana kwa sababu ya goti, napata 1,100. Goti limepoa, mwajiri wangu wa nursing home ananitaka nirudi siku nne kwa wiki, nitaingiza kama 31,000 kwa mwaka. Rafiki yangu anasema wakijua wananifutia. Goti la Maryland

Dada, hawafuti, wanashikilia. Aliyechukua mapema, na kwa nyie mliozaliwa 1960 kuendelea mapema ni kabla ya miaka 67, ana kikomo cha mshahara. Mwaka jana kilikuwa 23,400, mwaka huu 24,480. Kila dola mbili zikizidi wanashika moja. Wewe utazidi 6,520, nusu yake 3,260, na kwa kuwa wao wanazuia cheki nzima nzima watakushikia tatu, 3,300, hiyo 40 iliyozidi utarudishiwa mwakani. Ukifika 67 wanapiga hesabu upya na pensheni inapanda kufidia ile miezi waliyokushikia, kwa hiyo sio hela iliyopotea, imecheleweshwa. Mwaka unaofika 67 kikomo ni kikubwa zaidi, kwa sasa 65,160 kwa miezi ya kabla ya kufika, na baada ya hapo hakuna kikomo. Kinachohesabiwa ni mshahara na biashara yako tu, kodi ya nyumba uliyopangisha Kitengela au Goba haimo.

Wapigie uwaambie makadirio kabla hujaanza. Usiponena watakuja kujua kwenye W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka, na hapo inakuwa barua ya deni, na kudaiwa ukiwa umeshazitumia kunauma kuliko goti. Na kwa kuwa hujamaliza miezi 12 tangu uanze, una ruhusa ya mara moja kwa maisha yako kufuta ombi zima, urudishe yote uliyopokea, uje kuomba upya ukiwa mkubwa kwa cheki kubwa. Kama una hizo hela na kazi bado unaiweza, mimi ningelifikiria sana.

Mimi ni nesi, 66, nilistaafu Juni 2025 baada ya miaka 22 ya zamu za usiku. Medicare wananidai Part B 405.80 kwa mwezi, rafiki zangu wanalipa 202.90. Kosa langu nini? Nesi wa Usiku, Boston

Kosa lako ni ovataimu, dada yangu. Wenye kipato kikubwa wanaongezewa, wanaiita IRMAA, na kipato wanachokiangalia ni cha miaka miwili nyuma. Kwa 2026 wanasoma fomu yako ya 2024. Mtu wa peke yake akizidi 109,000 ada inapanda hadi 284.10, akizidi 137,000 inakuwa hiyo 405.80, na ni ngazi haswa, dola moja juu ya mstari umepanda ngazi nzima. Ungekataa Krismasi moja ya zamu mbili pengine ungebaki chini. Dawa nayo, Part D, ina nyongeza yake kwa wenye kipato hicho.

Lakini umestaafu, na kustaafu ni mojawapo ya mambo wanayoyakubali kubadilisha hesabu. Jaza fomu SSA-44, ambatisha barua ya mwajiri ya kuacha kazi, weka makadirio ya kipato cha 2026, watatumia hicho. Mume kufariki na talaka navyo vinakubalika. Kuuza nyumba hakukubaliki, na hapa wengi wanaumia, mtu anauza nyumba kwa faida kubwa anarudi kwa wanawe, miaka miwili baadaye bili inamfuata hadi kwenye chumba cha wageni.

Mjomba, mama yangu ana 72 yuko Moshi, namtumia 400 kila mwezi. Naweza kumweka kwenye fomu yangu ya kodi? Na nikimleta atapata Medicare? Mwanaye wa Columbus

Akiwa Moshi, hapana. Tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico, sisi Kilimanjaro hatumo. Akija kwa grini kadi, unamgharimia zaidi ya nusu, na mapato yake ya kutozwa kodi hayafiki 5,200 kwa 2025 au 5,300 kwa 2026, unamweka, unapata punguzo la kodi yenyewe dola 500. Mia tano hiyo usiijengee nyumba.

Medicare ndo swali zito. Bila historia ya kazi huku, yake au ya mume, anasubiri miaka mitano mfululizo akiwa na grini kadi, halafu anainunua: Part A, ile bima ya hospitali, ni 565 kwa mwezi mwaka huu, jumlisha Part B unafika 767.90 kila mwezi. Mstaafu wa kawaida Part A anaipata bure kwa sababu alikusanya pointi 40, sawa na miaka kumi ya kazi, na hata pointi ina bei inayobadilika kila mwaka, sasa kila mshahara wa 1,890 ni pointi moja, nne kwa mwaka mwisho. SSI asahau mpaka uraia. Nakuambia hivi kwa sababu naona watu wanaleta wazazi wakidhani mtu mzima wa miaka 70 akitua tu ana bima, halafu presha inapanda mwezi wa pili.

Hizo 400, kama ulikuwa unapeleka keshi dirishani, tangu Januari 1 kuna ushuru wa asilimia moja kwa keshi na money order. Tuma kutoka benki au kwa kadi ya Marekani, hawakugusi.

Nikirudi Tanga na pensheni yangu itanifuata? Raia, 70

Itakufuata, wewe ni raia, Social Security inalipwa hata ukiwa Pangani unavua. Asiye raia ndo ana kazi, akikaa nje miezi sita inaweza kusimama, aulize kabla hajakata tiketi. SSI haivuki bahari, siku 30 nje inasimama, na ukirudi unakaa siku 30 nyingine ndo inaanza tena. Medicare haitibu hospitali ya Bombo. Watu wengi wanaiacha Part B wakirudi nyumbani ili wasikatwe 202.90 bure, ni sawa kama hurudi kabisa, lakini ukirudi baada ya miaka mitano ada yako inakuwa juu kwa asilimia 50, kumi kwa kila mwaka ulioikosa, nayo ni ya maisha. Na hauingii siku yoyote unayotaka, unangoja Januari mpaka Machi. Kwa hiyo kabla hujaiacha kaa na wanao mjiulize, nikizidiwa nitatibiwa wapi, Dar au kwa binti yako kule, na mwenye jibu ni wewe mwenyewe, Mjomba hapo hana fomu.